Bima ya afya na swali la kipande: je, sharti moja kwa wote laweza kuwa ubaguzi?

Wiki chache zilizopita, tukiwa katikati ya kipindi cha asubuhi, iliingia simu ya mvuvi mmoja wa pwani ya kusini, upande wa Kwale. Mada ilikuwa SHA, na waliopiga kabla yake waliuliza mambo ya kawaida: nalipia wapi, nimesahau namba ya siri, mbona jina la mtoto halionekani. Yeye alikuwa na jambo jingine. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Mwenyewe ana kipande, alikipata baada ya serikali kuwatambua Wapemba mwaka 2023. Mkewe hana. Siku watu walipokuwa wakiandikishwa, mama huyo alikuwa amevuka kwenda Pemba msibani, na aliporudi zoezi lilikuwa limekwisha. Walipokwenda kujiandikisha kwa bima, mtambo uliomba namba ya kitambulisho cha mke. Safari ikaishia hapo.

"Mwanangu," alituambia, "yule kijana wa kompyuta hakunitukana. Hakusema Wapemba hatutakiwi. Alinambia tu, mzee, sharti ni moja kwa wote. Sasa mimi nauliza: kama sharti ni moja kwa wote, mbona kila mara wanaobaki nje ni sisi?"

Siku ile tulimjibu aende kwa chifu. Halikuwa jibu, na tulijua. Swali lake ni la sheria hasa, tena limewashughulisha majaji katika nchi nyingi kwa zaidi ya miaka hamsini. Tumeona tuliandike hapa ili msome kwa nafasi yenu, kwa sababu dakika tatu za hewani hazikutosha.

Ubaguzi usiotaja jina la mtu

Ubaguzi tunaoujua wengi ni ule wa wazi. Mwenye nyumba anasema hapangishi watu wa kabila fulani. Mwajiri anaandika kwamba wanawake wasiombe kazi. Huo hauna maficho.

Kuna wa pili, ambao hautaji mtu. Chukueni mfano wa kijijini. Kikundi cha kuzikana kinatunga kanuni kwamba mwanachama awe na hati ya shamba yenye jina lake. Hakuna aliyesema wanawake wasiingie. Kanuni ni ileile kwa Juma na kwa Mwanasha. Lakini hesabuni hati za mashamba kijijini kwenu, mtazame ni ngapi zina jina la mwanamke. Mume akifa, mjane hana kikundi cha kumsaidia kuzika, na mwenyekiti akiulizwa atasema kwa moyo safi kwamba hajambagua mtu.

Huu ndio unaoitwa ubaguzi usio wa moja kwa moja. Wazo hili lilipata nguvu Marekani mwaka 1971, katika kesi ya wafanyakazi weusi wa kampuni ya umeme ya Duke Power huko North Carolina. Kampuni ilitaka cheti cha shule ya sekondari na mitihani kwa kazi zenye malipo mazuri zaidi. Watu weusi wa eneo lile walikuwa wamesomeshwa kwa miaka mingi katika shule duni zilizotengwa, kwa hiyo sharti liliwaangukia wao zaidi, wakati kazi zenyewe hazikuhitaji cheti hicho. Mahakama ya Juu ilisema kwamba nia njema ya mwajiri haitoshi, yatazamwe matokeo. Uingereza iliingiza wazo hilo katika sheria yake ya mahusiano ya rangi ya mwaka 1976.

Kenya haikubaki nyuma. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaikataza serikali kumbagua mtu "moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja" kwa misingi ambayo ni pamoja na rangi, asili ya kikabila au ya kijamii, na kuzaliwa. Kifungu hichohicho kinawakataza pia watu binafsi, maana yake hata kampuni ya bima isiyo ya serikali haiko nje ya mstari.

Kwa hiyo mtu akitwambia sharti ni moja kwa wote, tunakuwa tumejibiwa swali la kwanza tu. Yanabaki mawili. Je, sharti hilo linawaangukia watu wa asili fulani kuliko wengine? Na kama ndiyo, lina sababu ya haki, na hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile?

Nani hana kipande, na kwa nini

Neno lenyewe kipande lina historia chungu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba cheti cha usajili ndani ya kikasha cha chuma, wengi wakikitundika shingoni. Asiye nacho alikamatwa. Leo tumebaki na jina, ila mambo yamegeuka: zamani mtu alikikimbia kipande, sasa anakitafuta mpaka anazeeka.

Waangalieni Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, na wengi walitua Kwale. Watoto na wajukuu walizaliwa hapahapa, lakini kwa karatasi hawakuwa watu wa mahali popote. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona rais. Ndipo wakatambuliwa, na mapema mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba, wengi wao wavuvi wa Kwale na Kilifi wenye asili ya kisiwa cha Pemba, walisubiri hadi Julai 2023, pale watu wapatao 7,000 walipotambuliwa. Wanubi nao, ambao babu zao waliletwa na Waingereza kutoka Sudan kama askari, kwa miaka mingi walipitishwa mbele ya kamati za uchunguzi ambazo kijana wa makabila mengine hakuziona. Kaskazini mwa nchi, Wasomali Wakenya wamepitia kamati kama hizo. Wengine wao waliwahi kujiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula wakati wa njaa. Alama zao za vidole zikabaki katika orodha ya wakimbizi, na walipoomba kipande wakaambiwa wao si raia. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba uchunguzi huo wa ziada kwa jamii za mipakani umefutwa.

Kukosa kipande, basi, hakukutawanyika nchini sawasawa kama mvua ya masika. Kumelundikana kwa watu wa asili fulani, na kumelundikana kwa sababu serikali yenyewe iliwachelewesha. Ukichukua kitu kilichogawanywa hivyo ukakifanya ufunguo wa bima, huwezi kushangaa mlango ukiwafungukia wengine na kuwafungia wengine.

Sheria ya bima inasemaje

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilipitishwa mwaka 2023. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema inakiuka Katiba, lakini Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na SHA ikachukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anapimwa uwezo wa kaya yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea. Sheria haikusema bima ni ya Wakenya peke yao. Imeanza na kaya za Kenya, kisha ikamtaja mtu asiye Mkenya ambaye makazi yake ya kawaida ni Kenya kwa zaidi ya miezi 12. Huyo naye anachangia. Mgeni wa muda mfupi ndiye anayetakiwa kuja na bima yake ya safari. Ukisoma hivyo unaona kwamba jambo kubwa kwa sheria ni ukazi: unaishi hapa au unapita?

Yule mama Mpemba anaishi hapa. Amelala kwenye nyumba ileile, amechota maji kwenye kisima kilekile, miaka na miaka. Lakini mtambo haumuulizi jirani. Ukipiga *147# utaombwa namba ya hati. Mkenya ana kitambulisho cha taifa. Mgeni mwenye kibali ana kadi yake ya mgeni. Huyu hana cha kwanza wala cha pili, na hawezi kwenda kuomba kadi ya mgeni, maana akiomba atakuwa amekiri kwa mkono wake kwamba si mtu wa hapa, na kesho karatasi hiyo itatumiwa kumnyima uraia. Kwa karatasi si Mkenya, na kwa karatasi si mgeni. Ukazi wake ni wa kweli, ila hauthibitiki kwa njia pekee iliyowekwa.

Gharama yake si ya maneno. Kwa mujibu wa viwango vya SHA, bima inalipia shilingi 10,000 kwa mama anayejifungua kawaida na 30,000 kwa anayepasuliwa. Mvuvi wa kamba za mkono anajua siku ngapi za bahari zimo ndani ya elfu thelathini.

Tuwasikilize na wenye bima

Haitakuwa haki tukisimama upande mmoja tu. Bima ni mfuko wa wengi. Anayeweka leo anamtibu anayeugua leo, akitumaini kesho atatibiwa yeye. Ikiwa mtu anaweza kuingia siku ya kuugua na kutoka siku ya kupona, mfuko unakauka. Ikiwa kadi moja inaweza kuzunguka nyumba kumi, unakauka mapema zaidi. Sisi tulio karibu na mpaka wa Lunga Lunga tunajua pia kwamba watu huvuka wakatafute matibabu palipo na nafuu, wa huku wakenda kule na wa kule wakija huku. Kuuliza "wewe ni nani na unaishi wapi" si uchokozi. Ni swali la lazima.

Wala si kila tofauti kati ya mkazi na mgeni ni ubaguzi. Zanzibar, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kununua bima ya safari ya dola 44 kabla ya kuingia, na mkazi hatakiwi. Mtalii ana sababu zake za kununa, lakini ni vigumu kusema amebaguliwa kwa asili yake.

Mahakama nazo hukubali sababu za aina hii. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya bibi mmoja mstaafu kutoka Latvia aliyenyimwa nyongeza ya pensheni. Ili kuipata, mtu alitakiwa awe na haki ya kuishi Uingereza. Majaji walikubali kwamba sharti hilo lilikuwa ubaguzi usio wa moja kwa moja kwa misingi ya utaifa, maana Mwingereza yeyote anayo haki hiyo bila kuitafuta, na mgeni ni lazima aipiganie. Hata hivyo bibi alishindwa. Wengi wa majaji walisema serikali ina haki ya kulinda mfuko wa umma dhidi ya watu wasio na uhusiano wa kutosha na nchi.

Tumeitaja kesi hiyo makusudi, kwa sababu mawakili wa serikali yoyote wangeanza nayo. Lakini tazameni mlango ulioachwa wazi. Sababu iliyokubaliwa ni kuwazuia wasio na uhusiano wa kutosha na nchi. Je, mtu aliyezaliwa hapa, au aliyeolewa hapa na kuzaa hapa, hana uhusiano wa kutosha? Sharti likimkamata mtu ambaye lengo halikumkusudia, limepita kipimo.

Kuna hoja nyingine ambayo wapinzani huitumia, na ni nzito kidogo. Watasema: huyu mama hakunyimwa kwa sababu ni Mpemba, amenyimwa kwa sababu hana hati, na kukosa hati si kabila. Mahakama hiyohiyo ya Uingereza mwaka 2016 iliamua jambo la karibu na hilo. Wafanyakazi wawili wa nyumbani kutoka Nigeria walikuwa wamenyanyaswa vibaya na waajiri wao. Majaji waliwahurumia, lakini wakasema waliteswa kwa sababu ya udhaifu wa hali yao ya uhamiaji, na hali ya uhamiaji si kitu kimoja na utaifa. Wakashindwa kwa hoja ya ubaguzi wa rangi. Hata ule usio wa moja kwa moja haukuwafaa, kwa kuwa hakukuwa na kanuni iliyowekwa kwa wote. Kulikuwa na ukatili tu.

Kwa maoni yetu hapo ndipo kesi ya bima inapokuwa na miguu. Kanuni ipo, imeandikwa ndani ya mtambo, na inamhusu kila mtu. Katika ubaguzi wa aina hii hatuulizi tena kama kukosa hati ni kabila. Tunauliza wasio na hati ni akina nani. Na Katiba yetu haikuishia kwenye rangi. Imetaja asili ya kijamii na kuzaliwa.

Tena jambo hili si geni kabisa kwa Kenya. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua malalamiko ya watoto wa Kinubi dhidi ya Kenya. Iliona kwamba wamebaguliwa katika suala la uraia, na kwamba madhara yalifika mpaka kwenye shule na huduma za afya. Januari 2020 Mahakama Kuu, katika kesi ya Huduma Namba, ilikiri kwamba wapo watu wanaoweza kuachwa nje ya mfumo wa usajili wa kidijitali kwa sababu hawana hati za kuanzia, ikataka kwanza ziwekwe kanuni za kutosha kabla mfumo kuendelea.

Je, kuna njia nyepesi? Tunaona zipo. Barua ya chifu na mashahidi wawili imetumika tangu zamani kumjua mtu. Alama ya kidole humtambua mtu bila kujali ana namba gani, na ikichukuliwa siku ya kujiandikisha, kadi haiwezi kuzunguka nyumba kumi. Usajili wa muda wa miezi sita, wakati maombi ya kipande yakishughulikiwa, ungemfaa mjamzito zaidi ya mtu yeyote. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofungua mfuko kwa wapita njia.

Ukikataliwa ufanye nini

Kwanza, dharura haisubiri bima. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mama anayetoka damu hapaswi kuulizwa namba ya chochote kabla ya kushughulikiwa. Litajeni hilo mlangoni, kwa adabu lakini kwa sauti.

Ukikataliwa kuandikishwa, omba uandikiwe sababu. Wengi wetu tunaondoka na maneno ya mdomo, na maneno ya mdomo hayapandi kortini. Kama hawaandiki, andika wewe mwenyewe tarehe, mahali, na alichosema ofisa; piga picha ya ujumbe uliotokea kwenye simu. Halafu peleka malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, au Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, au Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Kulalamika huko hakulipiwi. Kwenda mahakamani kudai haki ya kikatiba nako hakutozwi ada ya kufungua kesi, na mtu au kikundi kinaweza kufungua kwa niaba ya asiyeweza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imewataja pia watu wasio na uraia miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba bila kipande huna wakili.

La mwisho ni mtoto, na hapa tunawasihi sana. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja ni raia siku anayozaliwa, huyo ni raia kwa kuzaliwa, awe amezaliwa hospitali au nyumbani. Akizaliwa nyumbani, taarifa ya kuzaliwa hutolewa kupitia naibu wa chifu. Msiipitishe miezi sita, kwani baada ya hapo inakuwa usajili wa kuchelewa, wenye maswali mengi. Karatasi ile ndogo ndiyo itakayomtofautisha mtoto na mama yake.

Yule mvuvi tulimpigia tena juzi kabla ya kuandika haya. Mkewe amejifungua salama mtoto wa kike, kwa pesa taslimu; nusu alikopa kwa tajiri anayemuuzia samaki, na deni bado analo. Taarifa ya kuzaliwa ya mtoto ameikunja ndani ya msahafu. Tulimweleza kwamba mtu aliyeolewa na raia kwa miaka saba anaweza kuomba kuandikishwa kuwa raia, akasema cheti cha ndoa kipo, kilitolewa na kadhi, ila miaka yake ihesabiwe tangu ndoa au tangu yeye mume alipopewa kipande? Hilo tumelipeleka kwa wakili. Atakuwa nasi studio Alhamisi asubuhi baada ya taarifa ya habari, na simu zitakuwa wazi.